Siku Namfukwe Alipotoboa Ukuta

Harufu ya udongo mbichi uliokandikwa ukutani, ikichanganyika na ile dawa kali wanayomwaga kwenye sakafu za zahanati, hunirudisha moja kwa moja kwenye kilima kimoja kitupu juu ya Tunduma, majira ya baridi ya mwaka wa ndui. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Upepo wa pale haukuwa na mahali pa kupumzika, kwa maana hapakuwa na mti wala kichaka. Ulipanda kutoka bondeni na vumbi lake, ukapenya kwenye nyasi mbichi za paa, ukatua juu ya mikeka yetu. Udongo wa kuta ulikandikwa kwa haraka na ukahamiwa kabla haujakauka. Asubuhi nilipoweka kiganja ukutani kilitoka na unyevu, na hata leo nikigusa ukuta wa namna hiyo moyo wangu hushtuka kidogo, kama mtu aliyeguswa begani na asiyemtarajia.

Kabla ya hapo tulikaa karibu na barabara kuu iendayo Rodesia, lakini mtaa wetu uliipa barabara kisogo. Nyumba saba zilizunguka uwanja mmoja, na kila mlango ulitazama uwanjani. Mgeni akitokea barabarani aliona kuta tu na moshi. Ilimpasa azunguke, apige hodi, ndipo aone watu. Mle ndani ya duara hapakuwa na siri. Ukitwanga, wenzako walikuona unatwanga. Ukikataa chakula kwa sababu ya hasira, watu sita walijua kabla ugali haujapoa. Mama yangu aliishi kwa kutazamwa kama mmea unavyoishi kwa jua. Alikuwa mcheshi kupita wanawake wote wa pale, na mzaha wake alikuwa akiutoa katikati ya kutwanga, bila kuinua kichwa, mchi ukienda juu na kurudi, hata wenzake wakaacha michi yao wakishika mbavu. Kwa Wanamwanga mwanamke hubaki na jina la ukoo wa baba yake hata akiolewa, kwa hiyo mama aliitwa Namwinga, na aliyekuwa akicheka kuliko wote aliitwa Namfukwe, mjane mnene mwenye sauti ya ukali na mikono mikubwa, mpika pombe ya ulezi. Watu wa misheni, mama akiwa mmoja wao, hawakuipenda kazi ya Namfukwe, lakini waliikalia karibu.

Ndui ililetwa na kijana mmoja aliyerudi kutoka kwenye machimbo ya dhahabu. Alifika na homa, akalala kwa mjomba wake katika mtaa wetu, na siku ya nne uso wake ulikuwa umejaa malengelenge. Baada yake waliugua wawili wengine. Serikali ikafunga njia ya kwenda ng'ambo, na baba, aliyekuwa amevuka mpaka siku mbili kabla kupeleka tumbaku, akabaki huko huko. Tukachanjwa mikononi. Kisha tukaambiwa tuchukue mikeka, vyungu na unga, tupande kilimani tukakae huko mpaka siku za kungoja zitimie. Wagonjwa waliwekwa kwenye banda refu upande wa chini, mbali kidogo, lenye bendera ya kitambaa cha njano.

Sina budi kusema kweli: waliotupeleka kule hawakuwa watu wabaya. Dresa, yaani mganga msaidizi wa serikali aliyetuangalia, kijana mwembamba kutoka Unyakyusa, hakulala vizuri wiki zile zote, na nadhani aliokoa watu wengi. Lakini aliyezipanga nyumba zile alifikiri juu ya kuhesabu. Zilijengwa kwa safu mbili zilizonyooka kama mistari ya daftari, na milango yote ilitazama upande mmoja, chini, kwenye kibanda cha tarishi wa serikali aliyetulinda, ili kila asubuhi kila mtu asimame mlangoni pake na dresa apite akitazama nyuso. Hakuruhusiwa mtu kuingia nyumba ya mwenzake. Hakuruhusiwa mtu kumkaribia mwenzake chini ya hatua kumi. Safu ya mbele iliona bonde, barabara, na milima ya ng'ambo ikibadilika rangi. Sisi wa safu ya pili tulipofungua mlango tuliona kuta za nyuma za safu ya mbele. Mbele ya mlango wetu ulisimama ukuta wa Namfukwe, bila dirisha wala tundu, na nyufa za udongo unaokauka zikitambaa juu yake siku baada ya siku.

Mtoto huzoea. Mimi na mdogo wangu Yona, aliyekuwa na miaka mitatu, tulizipa nyufa zile majina ya mito. Mama juma la kwanza alifagia mpaka ardhi ikang'aa. Aliimba. Alimwita Namfukwe kwa sauti, na Namfukwe akajibu kutoka upande wa pili, lakini upepo ulichukua nusu ya maneno, na mzaha wa mama ulipofika ulikuwa umekatika mkia. Kisha kulikuwa na jambo la salamu. Kwetu mwanamke humsalimu mwenzake kwa kuchuchumaa na kugonganisha viganja taratibu, kwa sauti nzito ya mikono iliyokunjwa kama kikombe, akimtazama. Asubuhi ya kwanza mama alitoka, akachuchumaa kwa mazoea, akainua mikono, akakuta anautazama ukuta. Akainuka, akajifuta vumbi magotini. Sikumwona akichuchumaa tena.

Juma la pili aliacha kuimba, halafu akaacha kufagia. Nywele zake, ambazo hakuwahi kuziacha bila kusuka zaidi ya siku tatu, zilisimama na kushika majani. Alikaa juu ya kitanda cha fito, akibandua vipande vya udongo ukutani kwa ukucha, akivipanga juu ya paja lake. Nilipika mimi. Nikimpa ugali alishika tonge mkononi hadi likakauka. Sikuwa na neno la kuita hali ile. Najua sasa kwamba hakuwa na homa, hakuwa na kipele, wala hakuna aliyemroga, ingawa watu wa safu yetu walianza kunong'ona hilo la mwisho. Alikuwa anazimika tu, mbele ya macho yangu, kama kibatari kilichofunikwa na chungu.

Hofu yangu ilikuwa na umbo moja: lile banda lenye kitambaa cha njano. Asiyesimama mlangoni asubuhi alihesabiwa mgonjwa, na mgonjwa alipelekwa banda. Jirani yetu mmoja alipelekwa kwa homa ya kawaida, ile ya mbu, na akaipata ndui mle mle. Kwa hiyo kila alfajiri nilimpangusa mama uso kwa kitambaa, nikamfunga kanga, nikamvuta kwa mikono miwili hadi mlangoni, nikamwekea Yona mikononi ili uzito wa mtoto umfanye asimame imara. Dresa alipokaribia nilizungumza haraka.

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo, ila jino linamuuma."

"Jino la jana?"

"Jingine."

Alitabasamu siku ile. Siku ya nne ya meno hakutabasamu. Alisogea hadi hatua kumi zake, akainamisha kichwa kumtazama mama usoni, na mama akatazama ukuta uliokuwa nyuma yake kana kwamba dresa alikuwa kioo. "Binti," akaniambia kwa upole, jambo lililonitisha zaidi, "kesho atoke mwenyewe, aniambie jina lake kwa mdomo wake. Akishindwa, nitamchukua. Siwezi kumwacha mgonjwa katikati ya wazima."

Alipopita nilikimbilia ukuta wa Namfukwe. Sikuwa nimewahi kuzungumza na ukuta, nikahisi haya. Niliweka mdomo kwenye ufa mmoja, ule tulioupa jina la Momba.

"Mama Namfukwe!"

"Nani huyo anayeniita mgongoni?"

"Mimi, Tamari. Kesho wanamchukua mama."

Mara sauti yake ikaja karibu, kumbe naye alikuwa amesogeza mdomo kwenye ufa ule ule. "Ana vipele?"

"Hana. Hasemi. Hali. Anatazama ukuta wako tu."

"Anautazama siku zote?"

"Akiamka mpaka akilala."

Alivuta pumzi. "Mayo," akasema, kama mtu aliyejikwaa. "Na mimi nilidhani amenikasirikia. Nimekaa nikitazama barabara kama malkia, nikisema moyoni, Namwinga wa misheni amechoka na mpika pombe." Kisha akaniagiza: "Nenda kakae na mama yako. Asiache kutazama huku. Lolote utakaloona, usipige kelele."

Ili msomaji aelewe lililofuata, lazima niseme jinsi ukoo wetu ulivyoziona nyumba. Nyumba ilikuwa na mlango mmoja. Ukuta wa nyuma haukuguswa kamwe, isipokuwa siku moja: mwenye nyumba akifa. Hapo walitoboa ukuta wa nyuma, wakamtoa kwa tundu hilo, wakaliziba upesi, ili roho yake ikirudi ikitafuta njia isiikute. Namfukwe alikuwa ameyaona hayo kwa macho yake. Mumewe alitolewa kwa ukuta wa nyuma, naye alikaa ndani akisikia jembe likigonga. Mtu aliyewahi kuisikia sauti hiyo hawezi kuiita juu ya kichwa chake mwenyewe kwa mchezo.

Jua lilikuwa limepinda kidogo nilipoona ncha ya jembe ikichomoza katikati ya mto Momba. Nilisahau onyo, nikapiga kelele, kwa kuwa wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba Namfukwe amekufa. Wazo la pili, kwamba aliishi peke yake, kwa hiyo ni nani anayemtoa? Jembe likarudi ndani, likachomoza tena, pande la udongo likaanguka nje, fito zikavunjwa na kusukumwa kando. Vumbi lilipotua, pale palipokuwa na ukuta palikuwa na uso wa Namfukwe, mwekundu kwa udongo, ukihema.

Alichuchumaa ndani ya tundu lile, mwili wake mkubwa ukiwa umebanwa pande zote, akakunja viganja, akaanza kumpigia mama makofi ya salamu. Taratibu, nzito, kama ilivyo desturi.

Mama alikuwa kitandani, uso wake ukielekea mlangoni. Nilimtazama yeye. Kwa muda hakuna kilichotokea, na Namfukwe aliendelea, pah, pah, pah, bila haraka. Ndipo nikaona vidole vya mama vikijikunja. Mikono yake ilitangulia. Uso ulikuwa bado umelala. Viganja vilikutana mara moja bila sauti, mara ya pili kwa sauti, na vile vipande vya udongo alivyovipanga pajani vikamwagika sakafuni. Machozi yalianza kumtoka akiwa bado anapiga makofi.

Hayo tuliyaona sisi. Tarishi, chini kwenye kibanda chake, aliona jambo lingine. Aliona vumbi, na vumbi lilipopungua akaona, kupitia mlango wa mbele wa Namfukwe uliokuwa wazi, mwanga wa jua ukitokea nyuma. Mtu asiye wa kwetu angeona mlango wa pili tu. Tarishi alikuwa mtu wa kwetu, aliyezaliwa upande wa Ndalambo, na macho yake yalijua maana moja tu ya nuru kutoka ukuta wa nyuma. Alitimua mbio kuelekea kwa dresa akipaza sauti: "Kuna maiti! Wanaificha maiti! Wameshaitoa!"

Dresa alipanda kilima na tarishi na watu wawili wenye machela. Wote tulikuwa tumetoka milangoni, kila mmoja kwenye hatua zake kumi. Jambo lilikuwa zito: maiti iliyofichwa maana yake ndui imo katikati yetu, na siku za kungoja zingeanza kuhesabiwa upya kwa kilima kizima.

"Maiti yuko wapi?" dresa akauliza.

"Mtafute wewe, ndiye unayetuhesabu," akajibu Namfukwe kutoka tunduni.

"Nani amekufa katika nyumba hii?"

"Ninakaa peke yangu, mwanangu. Kama nimekufa, nashukuru kwa kunijulisha."

"Usimsikilize!" tarishi akasema akitweta. "Mama huyu anajua maana ya tundu hilo. Mwulize mumewe alitoka wapi!"

Hapo niliona uso wa Namfukwe ukibadilika. Dresa hakuelewa, akaanza kutuhesabu kwa kidole, nyumba kwa nyumba. Hesabu ilikuwa pungufu mmoja. Akarudia. Kidole chake kikatua kwenye mlango wetu, ambapo nilisimama na Yona tu. "Yule mama wa meno," akasema polepole. Tarishi akapiga goti lake kwa kiganja: "Ndiye! Wamemtoa huyo!" Na wale wawili wakainua machela kuja kwetu.

Nilitandaza mikono kuziba mlango. Kisha nikahisi mkono begani, ukinisogeza kando. Mama alisimama pale, nywele zimemsimama, kanga imefungwa ovyo, macho yamevimba kwa kulia. Alitazama machela. Akamtazama tarishi.

"Tarishi," akasema, na sauti yake ilikuwa imekwaruza kwa kukosa kazi, "kama mlikuwa mnakuja kunichukua kwa heshima zote hizi, si mngenitumia mtu mapema nikaoge?"

Sijapata tena kusikia kicheko kama kile. Kilianza kwa Namfukwe na kuenea kwenye safu zote mbili. Hata wale wabeba machela waliiweka chini. Tarishi alisema, "Shemeji, nimekulilia tayari," na kweli alikuwa na machozi. Dresa peke yake hakucheka. Alimwambia mama ataje jina lake, akataja. Alimwambia atoe ulimi, akautoa kwa urefu zaidi ya ulioombwa. Alimtazama mikono, paji la uso, nyuma ya masikio. Halafu akageukia tundu, akasimama akilitazama kwa muda mrefu, mara tundu, mara mlango wetu.

"Kila nyumba mlango mmoja," akasema. "Ndiyo amri."

"Hili ni dirisha," Namfukwe akasema. "Ila nimelikata refu."

"Mtu asipite dirishani."

"Kwa mwili huu?"

Aliondoka bila kuamuru lizibwe. Siku zilizosalia za kilimani mama alikaa mlangoni pake na Namfukwe tunduni pake, hatua kumi na zaidi kati yao, wakichambua maharage na kubishana. Sitaki kusema mama alipona siku moja. Kulikuwa na asubuhi ambazo bado nilimvuta kwa mikono, na mpaka mwisho wa maisha ya kilimani hakumaliza chakula chake. Lakini alitaja jina lake kila siku. Wawili watatu wa safu ya mbele nao walitoboa kuta zao, kwa woga. Wengi walikataa, na siwezi kuwalaumu. Si jambo dogo kumwomba mtu ajivunjie nyumba kwa namna ya msiba wakati msiba uko chini ya kilima. Mzee mmoja wa mwisho wa safu yetu, ambaye ukuta wa mbele yake haukutobolewa, alishuka kilimani akiwa mzima wa ngozi kabisa, na hakupata kuzungumza na mtu tena kwa maana. Wakasema ndui ilimwacha. Baba alivuka mpaka njia ilipofunguliwa, akamkuta mkewe amekonda na anamcheka kwa kukonda kwake yeye.

Miaka kadhaa baadaye nilimwuliza mama kulikuwaje. Alifikiri huku akipepeta ulezi. "Kifo sikukiogopa," akasema. "Nilichoka tu kutazama mgongo."

Nimeandika mengi tangu nijifunze kuandika, na wenzangu wa mjini tunaokutana jioni kusomeana hadithi hupenda kubishana juu ya roho ya mwanadamu kana kwamba ina makao yake mbinguni. Mimi huwaambia inakaa pia katika upande ambao mlango umeelekezwa, nao hunicheka. Sasa ninaishi Mbeya, katika nyumba za walimu: matofali ya kuchoma, bati, maji ya bomba karibu, safu zilizonyooka. Ni nyumba bora kuliko yoyote aliyoipata mama, na nisingependa kurudi kwenye udongo mbichi. Mwaka huu mafua makali yalipoingia mjini shule zilifungwa, tukaambiwa kila mtu akae kwake. Nyuma ya ukuta wangu anaishi mke wa mwalimu mmoja, mgeni kutoka pwani. Sikuwahi kumwona ila kwa mbali. Alikuwa na kawaida ya kuimba akiosha vyombo. Siku moja sikumsikia akiimba, na siku ya pili pia, nikajiambia labda amesafiri, nikaendelea na sura niliyokuwa nikiiandika, sura nzuri, juu ya mapenzi. Mimi, binti wa Namwinga, nilifanya hivyo. Ilikuwa siku ya tano nilipoweka kalamu chini nikazunguka safu nzima kwenda kupiga hodi.

Alichelewa kufungua. Aliponiona alinitazama usoni muda mrefu, bila kujibu salamu, nami nikamwonyesha kwa kidole upande ninakokaa.

"Nyumba hiyo?" akasema. "Nilidhani haina mtu."